Barua ya wazi kwa wakuu wa usalama, mambo ya nje na mashtaka, Nairobi na Dodoma: kila mateka afunguliwe faili

Waheshimiwa,

Barua hii inakwenda kwa mawaziri wa usalama wa ndani na wa mambo ya nje wa Kenya na Tanzania, wakurugenzi wa mashtaka, wakuu wa uhamiaji na wakuu wa vituo vya taifa vya kupambana na ugaidi. Inatoka kwa watu wanaozijua kesi za utekaji kwa kuzishika mkononi: wapelelezi, mawakili, wakalimani wa mahakamani, na wale wanaokaa na familia simu inapoita usiku wa manane. Ombi letu ni moja. Mtu akitekwa na kundi lenye silaha, faili lake lifunguliwe siku ile ile katika ofisi moja inayojulikana, na ofisi hiyo ilishike mpaka mtu arudi au azikwe, na waliomteka wasimame kizimbani.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao hupotea hivyo.

Tuanze na tukio lililopita mikononi mwetu. Mwaka 2009 kijana wa London, Mohammed Emwazi, mzaliwa wa Kuwait aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza Chuo Kikuu cha Westminster, alishuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na wenzake wawili. Walizuiwa kuingia nchini, wakarudishwa Ulaya kupitia Amsterdam. Februari 2015 dunia ikaambiwa kwamba yule mtu aliyefunika uso kwa kitambaa cheusi, aliyekuwa akisimama na kisu kando ya mateka jangwani Syria, ni yeye. Waandishi wakarudi Dar es Salaam kuuliza alizuiwa kwa sababu gani. Majibu hayakulingana. Mwenyewe alikuwa amedai kwamba alishukiwa anaelekea Somalia. Upande wetu wapo waliosema jina lake halimo katika kumbukumbu, na wapo waliotoa sababu nyingine kabisa.

Afisa wa zamu wa siku ile hana lawama. Hakuna aliyeweza kujua kijana yule atakuwa nani. Lakini mtu anapozuiwa mlangoni, sababu iliyoandikwa, sababu iliyosemwa na sababu ya kweli zinapaswa kuwa moja, na karatasi yake inapaswa kupatikana baada ya miaka sita kwa dakika chache. Karatasi ile ingekuwa na thamani kubwa: wenzake ni nani, tiketi ilikatwa wapi na kwa fedha za nani, nani alikuwa akimsubiri nje ya uwanja.

Njia za Afrika Mashariki zimepitiwa na wengine kama yeye. Maalik Alim Jones wa Maryland, Marekani, alipanda ndege New York Julai 2011 akaja Kenya, kisha akavuka kwa nchi kavu hadi Somalia kujiunga na Al-Shabaab. Thomas Evans, Mwingereza wa Buckinghamshire, alizuiwa Heathrow Februari 2011 alipotaka kuja Kenya. Miezi michache baadaye akapitia Misri na mwishowe akafika Somalia. Aliuawa Juni 2015 katika shambulio la kambi ya jeshi ya Baure, Lamu, na kamera yake ikakutwa na picha za shambulio lenyewe. Jermaine Grant, Mwingereza mwingine, alikamatwa Mombasa Desemba 2011, na hukumu yake ya kupatikana na vifaa vya kutengenezea mabomu ilitoka 2019. Angalieni tarehe hizo mbili. Katika miaka saba hiyo shahidi huhama, askari hustaafu, na kielelezo hukaa stoo bila mtu anayekumbuka kilikotoka.

Sasa tuitazame kesi iliyofika mwisho, maana ndani yake mna kila tunachokiomba.

Kati ya 2012 na 2015 kundi la Dola la Kiislamu lilishikilia Syria zaidi ya mateka 20 kutoka nchi za Magharibi: waandishi wa habari na wafanyakazi wa misaada. Miongoni mwa waliowasimamia walikuwamo vijana wa London ambao mateka waliwapa jina la Beatles kwa sababu ya Kiingereza chao. Emwazi aliuawa na ndege isiyo na rubani huko Raqqa Novemba 2015. Alexanda Kotey na El Shafee Elsheikh walikamatwa na wapiganaji wa Kikurdi Januari 2018. Kotey alikiri makosa Septemba 2021 mbele ya mahakama ya Alexandria, Virginia. Elsheikh alikana, Aprili 2022 jopo la wananchi likamkuta na hatia kwa mashtaka yote 8, na wote wawili wakapewa kifungo cha maisha mwaka huo.

Fikirini ugumu wa kesi hiyo. Watuhumiwa walikuwa wakifunika nyuso. Eneo la uhalifu lilikuwa vitani, hakuna mpelelezi aliyekanyaga vyumba vile mateka walipokuwamo. Miili ya waliouawa haikupatikana. Upande wa mashtaka ukasimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni mateka walioachiwa, waliohojiwa mapema na kwa utulivu, wakaeleza sauti, lafudhi, vipigo na mpangilio wa vyumba. La pili ni barua-pepe ambazo watekaji waliziandikia familia, kama ile iliyodai euro milioni 100 au kuachiwa kwa wafungwa ili mwandishi wa habari Mmarekani, James Foley, awe huru; familia na wapelelezi walizitunza zote. La tatu ni midomo ya watuhumiwa: wakiwa kizuizini Syria, Elsheikh alizungumza na vyombo vya habari akakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa akichukua anwani za barua-pepe kutoka kwa mateka. Kila kimoja kati ya hivyo kilitunzwa na mtu ambaye, siku anakitunza, hakujua kama kesi itakuwapo.

Kesi hiyo nayo nusura ikwame. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa mikononi mwa Uingereza, na Marekani ina adhabu ya kifo. Machi 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba serikali ilikosea kisheria kuukabidhi ushahidi huo bila ahadi kwamba watuhumiwa hawatanyongwa. Agosti 2020 Mwanasheria Mkuu wa Marekani akaitoa ahadi, ushahidi ukavuka bahari, na Oktoba watuhumiwa wakafikishwa Virginia. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita tangu wakamatwe, na familia zilikuwa zikisubiri.

Waheshimiwa, hili linatuhusu moja kwa moja. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, Tanzania tangu 1994, lakini adhabu ya kifo bado imo katika sheria zetu zote mbili. Mkimshtaki mpiganaji wa kigeni kwa utekaji ulioishia na mauaji, kisha mkaomba rekodi za simu au ripoti ya kitaalamu kutoka Ulaya, mtaulizwa swali hilo hilo. Barua ya ahadi iandaliwe mapema, isainiwe na Mkurugenzi wa Mashtaka, iambatanishwe na ombi la kwanza kabisa la msaada wa kisheria. Isingoje kuulizwa. Ombi lisilo na barua hiyo hurudi, na kurudi kwake hula mwaka mzima.

Tujitazame nyumbani. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2011 genge la watu wenye silaha liliingia hoteli ya Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, likampiga risasi na kumuua mgeni Mwingereza na kumchukua mke wake hadi Somalia, alikoshikiliwa miezi sita. Tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa alitekwa kisiwani Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Hispania, walitekwa Dadaab. Walirudi Julai 2013. Mateka wanne ndani ya wiki tano, na siku chache baadaye jeshi la Kenya likavuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi. Nchi iliingia vitani, lakini tujiulize mafaili yale manne yalifika wapi mahakamani.

La Kiwayu lilifika, na lilivyoishia linauma. Mkazi mmoja wa Lamu alihukumiwa kifo 2013. Ushahidi uliobeba kesi ulikuwa wa viatu na nyayo. Kwa sehemu kubwa ya kesi hakuwa na wakili. Mwaka 2023 hukumu ile ikafutwa naye akaachiwa, baada ya zaidi ya miaka 11 kifungoni. Mwenye kufiwa hakupata haki, aliyefungwa hakupata haki, na waliofanya kazi ile usiku ule bado hawajajibu.

Kwa hiyo turuhusuni tueleze kazi ilivyo, kuanzia chini kabisa, kwenye mchanga.

Unyayo hupigwa picha kwanza, kabla ya mtu yeyote kuukanyaga. Kamera iwe juu yake wima, si kwa pembeni, na rula ilazwe kando ya unyayo usawa na chini. Picha moja bila taa, nyingine tatu taa ikiwa imelazwa chini kutoka pande tofauti, ili vivuli vionyeshe michoro ya soli. Ndipo plasta ya jasi inamiminwa taratibu kuanzia ukingoni, si katikati, maana uzito wake huvunja mchanga mkavu wa pwani. Isubiriwe angalau nusu saa kabla ya kuinuliwa. Kiatu cha mtuhumiwa kivuliwe mbele ya shahidi huru, kipigwe picha palepale kikiwa mguuni na kikiwa kimevuliwa, kiingizwe mfuko wa karatasi peke yake, ufungwe, uandikwe saa, mahali na majina, usainiwe. Karatasi, si nailoni: nailoni hushika unyevu, damu na jasho huoza ndani yake. Na kamwe kiatu kisipelekwe eneo la tukio "kujaribishwa" juu ya nyayo. Kikishafika pale, wakili yeyote mzuri atasema nyayo ni zake kwa sababu kiatu kilipelekwa pale, na atakuwa na haki.

Kila mkono unaopokea kielelezo utie saini, pamoja na tarehe na saa. Tumeona fomu zenye saini tatu siku ya kwanza, kisha pengo la miezi minane, kisha saini ya karani wa mahakama. Pengo lile ndilo linaloachilia watu.

Simu hupoteza ushahidi haraka kuliko kitu kingine chochote. Ikikutwa inawaka, iwekwe hali ya ndegeni na ifungwe kwa karatasi ya aluminiamu tabaka tatu au nne ili mtu aliye mbali asiweze kuifuta. Iunganishwe na chaja au betri ya nje kabla haijazimika, kwa kuwa ikizima inaweza kudai nywila ambayo hamna. Askari asiifungue "kuangalia kidogo". Siku ile ile barua ya kuhifadhi kumbukumbu iende kwa kampuni zote za simu zenye minara eneo lile, ikitaja saa sita kabla na saa 48 baada ya tukio. Amri ya mahakama ya kuzitoa inaweza kufuata baadaye. Barua ya kuhifadhi ni ya ukurasa mmoja, na tunaomba iwe imeshachapwa tayari, nafasi za tarehe na mahali zikiwa wazi. Kamera za barabarani, za hoteli na za vituo vya mafuta nyingi hujifuta zenyewe baada ya wiki chache. Basi atumwe mtu mwenye diski siku ya kwanza. Na Kenya, rekodi yoyote ya kielektroniki inahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti kisainiwe na aliyenakili, siku aliyonakili. Kutafutwa kwake miaka minne baadaye, mtu akiwa ameshaacha kazi, ni chanzo cha vielelezo vingi kukataliwa.

Barua-pepe na ujumbe wa watekaji visisambazwe kwa kubofya "tuma mbele". Kufanya hivyo hukata taarifa za njia uliyopitia ujumbe, na taarifa zile ndizo mchambuzi anazozihitaji. Ujumbe uhifadhiwe kama ulivyofika, nakala mbili, moja ikae kwa familia.

Tukifika kwa mateka anayerudi, tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi, kwa sababu hapa nchi zetu zina utajiri ambao Virginia haikuwa nao, nasi tunaumwaga.

Mateka aliyefungwa macho hubaki na masikio. Kesi ya Beatles ilianzia kwenye lafudhi. Sasa chukueni mateka wa pwani yetu, au wa Mandera, aliyekaa miezi kadhaa akisikia watekaji wakizungumza Kiswahili. Anajua aliyemletea chakula alisema "ndoo hapa" badala ya "njoo hapa", na kwa mtu wa Lamu au Mombasa hilo linatosha kusema yule ni wa pwani ya kaskazini, si wa Unguja wala wa bara. Anajua mwingine alikuwa akiwaita wenzake "msee", akamweka Nairobi. Anajua mmoja alikuwa na Kiswahili cha kufundishwa darasani, mpangilio wa maneno ukivuta Kiingereza au Kijerumani. Anamweleza mpelelezi yote hayo, na katika maelezo tunasoma mstari mmoja: "Walikuwa wakiongea Kiswahili." Basi. Ushahidi umekufa pale pale, kwa kalamu.

Tunaomba kila mahojiano ya mateka aliyerudi yarekodiwe sauti, na awepo mtu anayezijua lahaja: Kimvita, Kiamu, Kitikuu cha Wabajuni, Kiunguja, Kiswahili cha Nairobi na cha Dar, pamoja na Kisomali cha pande zake. Watu hawa wapo, Lamu na Mombasa wamejaa, na wengi ni walimu. Maneno yaandikwe jinsi yalivyotamkwa, bila kusahihishwa kuwa Kiswahili sanifu.

Utaratibu wenyewe uwe hivi. Siku ya kwanza ni ya daktari, maji, usingizi na familia. Maswali yawe yale tu yanayoweza kuokoa walioachwa nyuma: wapo wangapi, hali zao, mara ya mwisho kuwaona. Huko Syria, Julai 2014, askari wa Marekani walivamia jela karibu na Raqqa wakakuta mateka wameshahamishwa. Taarifa ya namna hiyo huchacha kwa siku. Kuanzia siku ya pili au ya tatu, mhojaji mmoja yule yule, vikao vya saa moja na nusu, visizidi viwili kwa siku. Asimulie mwenyewe kwanza bila kukatizwa. Maswali ya baadaye yafuate milango ya fahamu: adhana ilitoka upande gani, jenereta ilizimwa saa ngapi, ngazi zilikuwa na vidato vingapi, maji yalikuwa ya chumvi au matamu, gari lilipanda lami baada ya muda gani. Asionyeshwe picha za watuhumiwa kabla ya kumaliza kusimulia. Akionyeshwa mapema, uso wa kwenye picha huingia kwenye kumbukumbu yake, na hapo hata yeye hawezi tena kutofautisha alichokiona na alichoonyeshwa.

Mahakama za Kenya zimekubali utambuzi wa sauti tangu miaka ya 1980, kwa masharti: iwe ni sauti ya mshtakiwa kweli, shahidi awe anaifahamu na ameitambua, na mazingira yasiwe ya kuleta makosa. Gwaride la sauti linawezekana kabisa. Watu wanane wa umri na lafudhi zinazokaribiana, maneno yale yale, sauti zimerekodiwa kwa kifaa kimoja, na msimamizi asiyejua mtuhumiwa ni namba ngapi. Ukimweka Mwingereza mmoja kati ya Wasomali saba, hujafanya gwaride, umemnyooshea kidole.

Familia. Huko Marekani familia za mateka wa Syria zilisumbuka kwa kuzungushwa ofisi hadi ofisi, na nyingine kutishiwa kwamba zikilipa kikombozi zitashtakiwa. Juni 2015 Rais Obama alibadilisha utaratibu: kikaundwa kikosi kimoja cha pamoja chenye makao yake FBI, shirika la upelelezi la Marekani, akateuliwa mjumbe maalumu wa masuala ya mateka, na ikasemwa hadharani kwamba hakuna familia iliyowahi kushtakiwa kwa kulipa. Mabadiliko hayo yalikuja baada ya mateka kufa. Sisi tunaweza kuyafanya kabla.

Hatuombi serikali ilipe kikombozi. Azimio 2133 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Januari 2014, linalotaka nchi zizuie magaidi kufaidika na kikombozi, tunalijua, na tunajua fedha zile hununua nini. Tunaomba tu Mkurugenzi wa Mashtaka aandike, kwa lugha ambayo mama wa Chakama, Kilifi, au wa Wargadud, Mandera, ataielewa, kwamba kuzungumza na mtekaji wa mwanawe si kosa, na kwamba kuripoti hakutamgeuza mshtakiwa. Leo familia huogopa, hukaa kimya, na ndani ya wiki ya kwanza huzungukwa na madalali. Kila mmoja anadai anamjua mtu anayemjua mtu, na kila mmoja anataka nauli na pesa ya simu.

Dawa ya madalali ni swali la uhai. Siku ya kwanza familia iketi na afisa, iandike maswali kama kumi ambayo majibu yake anayajua mateka peke yake na hayapo mtandaoni: jina la mbuzi aliyemlea utotoni, rangi ya baiskeli ya kwanza, bibi alimwita jina gani la utani. Yawe mepesi, yasiyomkumbusha msiba wala kugusa dini, siasa au jeshi. Karatasi ifungwe, itunzwe na ofisi, na litumike swali moja tu kila mara. Dalali asiyeleta jibu kwa siku saba amejieleza. Siku hizi sauti inaweza kuigizwa na kompyuta na picha kuundwa, kwa hiyo jibu la swali lina uzito kuliko video.

Msemaji wa familia awe mmoja, na si mama wala mke. Awe mtu anayeweza kusema "sijui, nitauliza" bila kuvunjika. Daftari liwe kando ya simu: saa, namba, maneno yaliyosemwa, kelele za nyuma. Ndugu wafunge kurasa za mateka za mitandao ya kijamii saa ile ile, maana watekaji husoma. Mshahara wa mtumishi aliyetekwa usisimame. Na itolewe hati rasmi ya kutekwa ambayo benki, shule na mwajiri wataitambua, kwani kwa sheria ya Kenya mtu hadhaniwi amekufa mpaka ipite miaka saba bila habari zake, na mtoto hawezi kungoja karo miaka saba.

Wazee wa mipakani wana nafasi yao. Machifu watano waliotekwa Mandera Februari 2025 walirudi Aprili, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamefanya kazi. Madaktari wawili wa Cuba waliotekwa mjini Mandera Aprili 2019 nao walifuatwa na wazee. Hawajarudi, na Februari 2024 Al-Shabaab ilidai wameuawa katika shambulio la anga huko Jilib. Mzee anayetumwa apewe ujumbe mmoja ulioandikwa, ajue mipaka yake, na jina lake lisitajwe redioni. Njia mbili zikifunguliwa kwa wakati mmoja, mtekaji huzishindanisha, na bei hupanda.

Mateka wetu hutekwa mbali pia. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la 7 Oktoba 2023, na mwili wa mmoja ulirudishwa kutoka Gaza Novemba 2025. Wazazi wa aina hii wanahitaji namba moja ya simu, si balozi tatu na wizara mbili.

Mpakani tunaomba machache. Azimio 2396 la Baraza hilo hilo la Usalama, la Desemba 2017, linataka nchi zipokee taarifa za abiria kabla hawajashuka na kutunza alama za vidole na picha za wapiganaji wa kigeni. Anayezuiwa kwa shaka ya ugaidi afunguliwe karatasi moja yenye pasipoti yote, mihuri ikiwemo, njia ya safari, mlipaji wa tiketi, wenzake, mwenyeji wake na sababu halisi. Nakala iende ofisi ya Interpol ya nchi. Notisi ya buluu huombwa kwa kutafuta habari za mtu, nyekundu kwa kumkamata, ya njano kwa aliyepotea, na hii ya mwisho hutumika mara chache mno kwa mateka wetu. Samantha Lewthwaite, Mwingereza mshukiwa wa ugaidi ambaye Kenya iliomba notisi nyekundu dhidi yake 2013, alikuwa ametumia pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina la mtu mwingine. Kwa hiyo kukagua kitabu peke yake hakutoshi, vidole vikaguliwe.

Kumrudisha mtu kwao ni rahisi kuliko kumshtaki, na ndiyo sababu hufanyika. Lakini Mkataba wa Kimataifa dhidi ya Utekaji wa 1979, ambao nchi zetu zimejiunga nao, unasema nchi imshtaki mtekaji au imkabidhi kwa atakayemshtaki. Aine Davis, aliyehusishwa na wale wa London, alifungwa Uturuki kisha Uingereza kwa makosa ya ugaidi, na hakuna mahakama iliyomshtaki kwa utekaji, kwa kuwa ushahidi wa utekaji dhidi yake haukutosha.

Ofisi tunayoiomba si jengo. Ni watu wanane kwa kila nchi: mkuu, wapelelezi wawili, mwendesha mashtaka tangu siku ya kwanza, afisa wa mambo ya nje, afisa wa familia, mchambuzi wa simu na intaneti, na mtaalamu wa lahaja. Wawe na simu isiyozimwa, kabati lenye kufuli mbili, na fomu zilizochapwa kabla. Mkuu wake aripoti bungeni mara moja kwa mwaka idadi ya mafaili: yaliyofunguliwa, yaliyofika mahakamani, na yaliyolala.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 90, na tunaomba faili la kwanza liwe la wale ambao familia zao bado zinangoja: Mandera, Lamu, Wajir na Kilifi. Majina yao mnayo.

Wenu,
Wapelelezi, mawakili, wakalimani na wahudumu wa familia za mateka, Pwani na Bara